Milima inayoonekana kutoka Goma: shajara ya kibao cha juu ya paa

Tunatengeneza kibao cha mtazamo juu ya paa la shule yetu, katikati ya mji wa Goma. Ni bamba linalolala mbele ya mtu aliyesimama, limechorwa mstari wa milima kama unavyoonekana kutoka hapo hapo, kila mlima na jina lake, kimo chake na umbali wake. Majina na pembe tunazipata kwa programu za simu zinazotambua vilele. Naandika hatua kwa hatua ili mwalimu au kikundi cha vijana wa Rutshuru, Sake au Bukavu watakaotaka kufanya kazi hii wajue pesa inaishia wapi na muda unapotelea wapi.

Mradi umezaliwa na ubishi wa darasani. Nyiragongo hakuna mtoto wa Goma asiyeujua: lava yake imetufuata mwaka 1977, 2002 na 2021. Lakini uliza ule wenye ncha kali upande wa kulia ni upi, na ule mpana wa jirani yake ni upi, darasa linagawanyika mara moja. Wengine wanaapa kwamba kutoka mjini volkano zote nane kubwa za Virunga, safu yetu ya milima, zinaonekana. Nimetaka ubishi huu umalizwe kwa vipimo, wanafunzi wenyewe wakishika simu, kwa sababu mtoto anayeamka kila siku chini ya milima hii anastahili kuijua kwa majina kabla ya ile ya Ulaya iliyo katika vitabu vyake.

12 Aprili: programu za aina mbili

Kuna programu zinazoangalia picha na kuna programu zinazopiga hesabu. Tofauti hii ndiyo ya kwanza kuelewa, la sivyo mtu atapoteza wiki nzima.

Za picha tulizijaribu kwanza kwa sababu ni za bure. Unapiga picha, unaituma, inakujibu. Picha safi ya Nyiragongo yenye moshi juu ilijibiwa vizuri. Picha ya mlima huo huo ukiwa na wingu kiunoni ilijibiwa kwa jina la mlima wa bara jingine. Mikeno haikutambuliwa kabisa. Sababu ni rahisi: programu ya namna hiyo inalinganisha picha yako na picha zilizokwisha wekwa mtandaoni, na koni ya volkano yenye wingu inafanana na koni nyingi duniani. Milima iliyopigwa picha na watalii wengi inatambuliwa; ile ambayo haijapata wageni inabaki bila jina. Tena kila picha inakula mega za intaneti.

Za hesabu haziangalii mlima hata kidogo. Zinataka kujua mambo matatu: umesimama wapi, umeelekea upande gani, na ardhi iliyo mbele yako ina miinuko gani. Kutokana na hayo zinachora mstari wa upeo wa macho, zinaweka majina juu ya vilele, kisha unaulinganisha mchoro na unachokiona. Ndiyo maana zinafanya kazi hata mlima ukiwa umefunikwa na mawingu. Tumeangalia PeakVisor na PeakFinder. Tumechukua PeakFinder, iliyotengenezwa Uswisi, kwa sababu ukishapakua data za eneo lako haihitaji tena intaneti, na juu ya paa letu mtandao unakuja na kuondoka. Ni ya kulipia mara moja; kwa asiye na pesa, tovuti yake inatoa mchoro kama huo bila malipo kwenye kompyuta.

Gharama: programu dola 5, kijana wa kadi ya mtandaoni aliyetulipia dola 2, mega za kupakua dola 1.

Neno moja kuhusu data za miinuko. Nyingi za programu hizi zinategemea, moja kwa moja au kwa kupitia kazi za wengine, vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour cha Marekani mwezi Februari 2000, kwa siku 11. Lava iliyopita katikati ya mji ikafika ziwani ni ya Januari 2002. Maana yake shule yetu, iliyojengwa juu ya lava hiyo, imesimama juu ya ardhi ambayo vipimo havikuikuta. Tofauti ni ya mita chache, haisogezi mlima wowote kwenye mchoro. Lakini wanafunzi walilipenda sana jambo hili, na tangu siku hiyo wanauliza umri wa kila ramani wanayoonyeshwa.

19 Aprili: jina linakaa pembeni ya mlima

Tulipanda juu ya paa alfajiri, mbingu safi, milima yote wazi. Tukafungua programu, tukaielekeza simu kaskazini. Mchoro ulikuwa mzuri, lakini jina la Nyiragongo lilikaa hewani, mkono wa kulia wa mlima, umbali wa ngumi nzima. (Ngumi kwenye mkono ulionyooshwa inafunika karibu digrii 10, kidole kimoja digrii 2 hivi. Wafundishe wanafunzi kipimo hiki siku ya kwanza. Kinafanya kazi bila betri.) Simu ya pili ilipeleka jina kushoto. Ya tatu ilikuwa sawa tulipokuwa ngazini, ikapotoka tulipofika kwenye ukingo wa paa.

Tulifanya kila linalopendekezwa. Tulichora namba nane hewani kwa simu ili dira ijisawazishe. Tulivua saa, tukatoa kava zenye sumaku. Ilisaidia kidogo, kisha jina likaanza tena kutembea.

Tatizo halikuwa programu. Dira ya simu ni kipimo kidogo cha sumaku, na Goma ni mji mbaya kwa sumaku ndogo. Paa letu ni betoni yenye vyuma ndani. Jirani ana mabati. Na uzio, msingi na hata ngazi vimejengwa kwa mawe ya lava, nayo lava yetu ni basalti yenye chembe za magnetiti, madini ya chuma yanayovuta sindano ya dira. Jaribio lililowashawishi wote lilikuwa hili: mwanafunzi mmoja aliweka simu juu ya meza ya mbao katikati ya uwanja, dira ikasoma kaskazini, akaisogeza polepole, bila kuizungusha, mpaka ikagusa ukuta wa mawe. Namba kwenye skrini zilikimbia kama za taksimita. Akairudisha, zikarudi. Wakafanya hivyo kwa zamu mpaka kengele ikalia.

Kuna jambo la pili: simu nyingi za bei nafuu ambazo wanafunzi wanazo hazina dira kabisa ndani yake, nyingine hazina kipimo cha mzunguko. Katika simu hizo mchoro haufuati mkono. Unabaki palepale ukigeuka. Kabla ya kumlaumu mtu au programu, pakua programu ndogo ya bure ya kuorodhesha sensa za simu na uangalie kama kipimo cha sumaku kimo.

Dawa iligeuka kuwa rahisi kuliko ugonjwa. Programu inakuruhusu kuuvuta mchoro kwa kidole, kushoto au kulia, mpaka mstari ukae juu ya milima yenyewe. Unachagua mlima mmoja ambao hakuna anayeubishia, unaulaza mchoro juu yake, na mingine yote inajipanga. Kwetu mlima huo ni Nyiragongo. Baada ya hapo hata simu isiyo na dira inafanya kazi sawa na ya gharama. Hatujatumia tena dira ya simu kwa jambo lolote katika mradi huu, na anayetaka kutufuata nakushauri uanzie hapo.

3 Mei: simu inatuweka ng'ambo

Tulipoulaza mchoro juu ya Nyiragongo, Karisimbi haukukaa vizuri. Ulikuwa umekaa pembeni kwa kidole kimoja na nusu. Kusogeza Karisimbi kuliharibu Nyiragongo.

Mchoro unaokataa kukaa mahali pawili kwa pamoja unakwambia kwamba mahali pa kusimama pamekosewa. Tukafungua ramani: simu ilikuwa imetuweka karibu na mpaka, upande wa Gisenyi, mji wa Rwanda. Ilikuwa imewashwa hali ya kubana betri, hivyo haikusubiri setelaiti. Ilijikadiria kwa minara ya simu, na Goma simu inashika minara ya nchi mbili. Hesabu yake ni hii. Nyiragongo uko kilomita 17 na kitu kutoka katikati ya mji. Ukikosea mahali kwa kilomita 1 upande, mlima unahama digrii 3 na zaidi. Karisimbi uko kilomita 30. Kosa hilo hilo linauhamisha digrii zisizofika 2. Mlima wa karibu ndio unaokimbia zaidi, na tofauti hiyo ndiyo tuliyokuwa tukiiona.

Tulizima hali ya kubana betri, tukaacha simu chini ya mbingu wazi dakika kadhaa ishike setelaiti, kisha tukaandika latitudo na longitudo kwenye karatasi na kuziingiza kwa mkono katika simu zote. Mahali pa paa hapabadiliki, basi hakuna sababu ya kuiuliza simu kila asubuhi. Mchoro ulikaa juu ya milima yote kwa mara ya kwanza.

Kabla ya siku hiyo nilikuwa nimekwisha mwarifu mkubwa wa kartie (mtaa) kwamba wanafunzi watakuwa wanaelekeza simu milimani, nikamwonyesha programu yenyewe. Usiiruke hatua hii. Katika mji uliopitia tuliyoyapitia, watu wanaosimama muda mrefu juu ya paa na simu mkononi wanatia wasiwasi majirani, na wana haki ya kuuliza.

Tulifikiria pia mahali pengine pa kuweka kibao, kwenye miteremko ya upande wa Bulengo karibu na Ziwa la Kijani, ambako mtazamo wa Nyamulagira ni mpana. Tuliacha kwa sababu ya mazuku. Ile gesi ya kaboni inayoua ni nzito kuliko hewa, inalala mabondeni na kwenye mashimo, na alfajiri kabla upepo haujavuma ndipo inapojaa. Alfajiri ndiyo saa ya milima. Sitapeleka watoto huko saa hiyo.

17 Mei: ni minne

Hii ndiyo hatua iliyochukua muda mrefu zaidi, na ndiyo niliyoipenda.

Mchoro uliposimama sawa, ulionyesha volkano kubwa nne tu. Kuanzia kushoto (digrii zinahesabiwa kutoka kaskazini kwenda mkono wa kulia): Nyamulagira, mita 3,058, kilomita 30, digrii 353, ukichungulia kwa shida juu ya mteremko wa jirani yake. Nyiragongo, mita 3,470, digrii 6. Mikeno, mita 4,437, kilomita 31 na nusu, digrii 41: ndio ule wenye ncha kali, mlima mzee uliozimika zamani na kuliwa na mvua. Kisha ngumi moja kamili kulia kwake, digrii 51, Karisimbi, mita 4,507, mkubwa kuliko wote wa Virunga.

Darasa lilikataa. "Mwalimu, programu ni mbovu. Sabinyo iko wapi?" Mmoja alionyesha bega lililo kulia kwa Karisimbi akasema kwao wanaliita Muhabura, na babu yake ndiye aliyemwonyesha. Sikutaka kumjibu kwa mamlaka ya mwalimu wala ya simu. Tulishusha ramani ya ukutani, tukaitandika sakafuni, tukachukua uzi. Ncha moja Goma, ncha nyingine kilele cha Sabinyo, kule Kongo, Rwanda na Uganda zinapokutana. Uzi ukapita juu ya Karisimbi. Haukupita karibu, ulipita juu ya kilele chenyewe. Kimya kidogo, kisha mikono ikaanza kugombania uzi.

Visoke, mita 3,711, uko digrii 49, digrii 2 tu kushoto kwa kilele cha Karisimbi, na umekaa nyuma yake kwa kilomita 6 au 7. Hauwezi kupita juu ya mwili wa mlima unaouzidi karibu mita 800. Gahinga, mita 3,474, ni mfupi na uko mbali zaidi ya kilomita 55. Ubishi wa kweli ulikuwa juu ya Muhabura, kwa sababu ni mrefu, mita 4,127, na kwenye ramani uzi wake unapita pembeni ya kilele cha Karisimbi, nusu ngumi upande wa kulia. Hapo tulilazimika kuhesabu. Kutoka kwetu mpaka Muhabura ni kilomita 59 hivi. Toa mwinuko wa mji, karibu mita 1,500, unabaki na mita 2,600. Kwa umbali ule mviringo wa dunia unakula karibu mita 240, hata baada ya kuhesabu mwanga unaopinda hewani. Kilele kinabaki na kimo cha digrii 2 na robo juu ya upeo wa macho. Lakini mteremko wa Karisimbi mahali pale unasimama juu zaidi ya digrii 3. Kwa hiyo Muhabura uko nyuma ya bega. Lile bega ni la Karisimbi wenyewe.

Volkano nne zinatutazama, nne zimejificha nyuma ya mlima mmoja. Programu haikuwa mbovu.

Jioni hiyo tulifanya jambo ambalo nadhani ndilo zuri kuliko yote ambayo programu hizi zinatoa: tulihama bila kuondoka. Unabonyeza sehemu yoyote ya ramani, nayo inakuchorea mlima kama unavyoonekana kutoka hapo. Tukajiweka Sake: Nyiragongo ulisimama mbele ya Mikeno na kuufunika. Tukajiweka Mugunga: Nyamulagira ukatoka wazi kabisa, mbali na jirani yake zaidi ya ngumi tatu. Tukajiweka Rutshuru, na hapo volkano zote nane zikajipanga, Muhabura kusini-mashariki, Gahinga, Sabinyo, Visoke, Karisimbi nyuma kati ya Visoke na Mikeno, kisha Nyiragongo na Nyamulagira mkono wa kulia. Babu wa yule mwanafunzi alikulia Rutshuru. Alichomwonyesha mjukuu wake kilikuwa kweli, ila kilikuwa kweli cha huko.

Mwanafunzi mwingine, ambaye familia yake ilikimbia kutoka Kibumba, aliomba simu akajiweka kwao. Mikeno ilijaa skrini. Alibaki akiutazama mchoro, akauzungusha kwa kidole mpaka akamaliza duara zima, akasema, "Hapa ndipo tulipokuwa tunakausha maharagi, mlima ulikuwa mbele hivi." Nilimwachia simu mpaka betri ikaisha.

21 Juni: jua litoe ushahidi

Tulikuwa tumeulaza mchoro juu ya Nyiragongo kwa macho. Kibao kinabaki miaka. Nilitaka uthibitisho ambao hautegemei dira wala mlima.

Tulitumia jua. Programu inaonyesha njia ya jua kwa kila saa ya siku. Saa moja na nusu asubuhi ilisema jua liko digrii 64 na nusu, maana yake kivuli kinaangukia digrii 244 na nusu. Tulitundika timazi ya mwashi juu ya ubao uliochorwa duara la digrii, tukaugeuza ubao mpaka kivuli cha uzi kikae kwenye 244 na nusu, tukaufunga kwa misumari. Kisha tukapiga macho kutoka katikati ya duara kwenda kilele cha Nyiragongo: 6. Kwenda Mikeno: 41, labda nusu digrii zaidi, kwa maana uzi ulikuwa unatikisika. Tulizuia upepo kwa maboksi na kuzamisha jiwe la timazi katika ndoo ya maji, mtikisiko ukaisha.

Fanyeni kazi hii kabla ya saa tatu. Karibu na adhuhuri jua letu linapanda juu sana, kivuli kinakuwa kifupi na kinageuka haraka. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba linapita utosini, huwezi kupata lolote. Hakikisheni pia saa ya simu ni sahihi.

Faida ya ziada: wapo waliokuwa wakisema jua linachomoza nyuma ya Karisimbi. Kutoka Goma haliwezi. Hata tarehe 21 Juni, linapochomoza kaskazini kabisa, liko digrii 66 na nusu, ngumi moja na nusu kulia kwa mlima.

Julai: kungoja

Kiangazi. Moshi wa mashamba na vumbi vimeficha kila kitu. Kuna asubuhi ambazo hata Nyiragongo hauonekani. Picha ya msingi ya kibao tunayo ya Mei, iliyopigwa asubuhi iliyofuata mvua ya usiku. Anayepanga kazi hii aipige picha katika miezi ya mvua, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili asubuhi. Baadaye mawingu yanakaa juu ya Mikeno.

9 Agosti: bashi limechanika

Tulichapisha mchoro kwenye bashi (turubai la plastiki), kama matangazo ya dukani, dola 15, tukalifunga kwenye meza ya mbao. Rangi nyekundu ya majina ilipauka, na upepo wa ziwani ukalichana kwenye kona mpaka Karisimbi. Lilikuwa chaguo la haraka na halifai kwa paa lisilo na kivuli.

Wazo la pili lilikuwa bati la chuma. Fundi wa mabati alitushauri tuache, akatuonyesha paa alilobadilisha upande wa Rusayo: mashimo matupu. Moshi wa Nyiragongo una gesi zinazoifanya mvua kuwa na asidi, na kila anayeishi chini ya mlima anajua bati halidumu. Akatupatia kipande cha alumini nene kwa dola 35. Naamini ndio ushauri uliotuokolea pesa nyingi kuliko wote.

Juu ya alumini, rangi ya mafuta peke yake inabanduka kama ganda. Fundi alikwaruza bamba lote kwa msasa, akapaka rangi ya msingi, ndipo wanafunzi wakahamisha mchoro. Mistari ya vilele na majina waliyagonga kwanza kwa msumari na nyundo, nukta kwa nukta, wakajaza rangi ndani ya nukta. Rangi ikipotea siku moja, nukta zitabaki, na asiyeona ataweza kusoma umbo la Mikeno kwa kidole. Wazo hili ni la wanafunzi. Rangi na msasa: dola 12.

20 Septemba: kibao kimekaa

Mwashi amejenga nguzo kwa mawe ya lava na simenti, dola 22 pamoja na kazi yake. Bamba limelazwa na kuelekezwa kwa njia ile ile ya kivuli, asubuhi na mapema. Saa sita ya siku hizi jua linakaribia utosini, lingetuchanganya. Sasa nguzo ya lava inaweza kuvuta sumaku inavyotaka, hakuna dira inayoulizwa kitu.

Jumla, pamoja na bashi lililochanika: dola 92.

Tumeacha nafasi mbili tupu. Moja ni juu ya Nyiragongo, kwa ajili ya kimo: lava ikitoka tena, ukingo unaweza kubadilika, na tungependa kuandika namba mpya kando ya ya zamani pamoja na mwaka wake. Nyingine ni kona ya chini kulia. Hapo tutachora mchoro mdogo wa Rutshuru wenye volkano zote nane, na mwanafunzi wa babu yule ndiye atakayeugonga kwa msumari.

Mwalimu mwenzangu wa Bukavu ameuliza aanzie wapi. Nimemjibu: mlima wako wa kulaza mchoro uwe Kahuzi, mita 3,308, upande wa kaskazini-magharibi, kilomita 35 hivi kutoka mjini; kisha umtafute Biega, mita 2,790, uone kama kutoka kwenye paa lako anapita juu ya matuta ya mbele au hapiti. Jiweke kwanza kwenye ramani, ukiwa nyumbani, ujaribu mapaa matatu au manne tofauti kabla hujamwita mwashi. Bukavu ni mji wa vilima, na hatua mia moja huko zinaweza kuficha mlima mzima. Na ukute asubuhi iliyofuata mvua.